Kifusi Tulichomwaga kwa Ajili ya Gari

Karibu ukae, mwenzangu. Wewe nakuchukulia kama yule mtu ninayeweza kumfungulia mlango nikiwa na kanga moja tu, sina haja ya kukimbilia kioo. Kwa hiyo nitakueleza kama ilivyokuwa, na pale nilipoharibu sitapapamba.

Sie tunakaa Kibamba, ndani ndani huko, ukishaiacha Morogoro Road unapanda kilima, unashuka, unapanda tena mpaka unasahau kama kuna lami duniani. Tulihamia kutoka Temeke, kwenye nyumba ya kupanga ambako hata kamba ya kuanikia nguo tulikuwa tunaigombania. Mume wangu ni dereva wa malori ya mbali, mwezi unaweza kuisha hatujamwona. Nyumbani nipo na binti yangu mkubwa, ambaye ni fundi magari. Ndiyo, binti, na ni fundi magari. Anavaa ovaroli, anafunga kilemba chake vizuri, anaingia chini ya gari kama anaingia chumbani kwake.

Siku alipoileta ile gari ilikuwa inavutwa kwa kamba. Gari ya Kijapani ya milango miwili, ile ya michezo, pua ndefu, imelala chini mpaka unahisi tumbo linagusa mchanga. Rangi imebabuka, taa moja hakuna, na kwenye injini panya walishajenga.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Gari, mama."

"Naona ni gari. Nauliza hii iliyokatwa miguu."

Akacheka. "Imeshushwa, mama. Ndiyo uzuri wake huo."

"Basi aliyeishusha aje aipandishe."

Miezi ya mwanzo niliichukia, nisikufiche. Iliziba mahali pangu pa kuanikia dagaa. Oili ilimwagika kwenye sementi niliyokuwa nasugua kwa mikono yangu. Kila Jumapili asubuhi ni nyundo na msasa, vumbi la puti ya kuzibia bodi linaingia mpaka kwenye unga. Nikitoka kwenye darasa langu la jioni, maana uzeeni huku ndiyo nimeamua kuimaliza sekondari niliyoikosa, nakuta miguu ya mwanangu inachungulia chini ya gari na simu inamwimbia singeli.

Kilichonigeuza ni breki. Alikuwa anatoa hewa kwenye breki na hiyo kazi inataka watu wawili, mmoja akanyage pedali, mwingine awe kule kwenye tairi anafungua na kufunga. Hakukuwa na mtu mwingine, akaniita mie. Nikaingia, nikazama kwenye kile kiti mpaka magoti yakanifika kifuani.

"Kanyaga, mama! Shikilia! Usiachie!"

"Bismillah. Nimeshika."

"Haya achia. Tena! Kanyaga!"

"Bismillah."

"Mama, si lazima kila mara."

"Wewe fungua nati zako, mie niachie Bismillah yangu."

Tulikwenda hivyo tairi moja baada ya jingine. Mwisho pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu, imara kabisa, akapiga kelele ya furaha kutoka kule nyuma. Kuanzia hapo ile gari ikawa yetu. Nilijua shokapu ni ipi na springi ni ipi. Alipata shokapu za mtumba, zile unazizungusha kwa spana, ukitaka gari ipande inapanda, ukitaka ishuke inashuka. Akanionyesha mwenyewe, akazungusha, gari ikainuka kidogo. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Sasa nikutambulishe kwa jirani yangu. Geti lake linatazamana na langu, njia tu ndiyo inatutenganisha, ila yeye yuko upande wa chini na sie upande wa juu. Ni shoga yangu. Anafuga kuku wa nyama, banda liko ubavuni mwa nyumba, na kwa kuku hao ndio watoto wake wanasoma. Tulikuwa tunakwenda darsa ya akina mama pamoja kila Alhamisi. Gari ilipopona na kupigwa rangi, nyeusi inayowaka, binti yangu alitupeleka. Shoga yangu akakunjwa kiti cha nyuma kama mkeka.

"Mwanangu," akamwambia binti yangu, "hii gari umenunua ya watu au ya mabegi?"

"Ya watu wembamba, mama."

"Ala! Basi kurudi mie nitapanda bodaboda."

Kufika, kushuka ndiyo kazi. Nimevaa baibui, gari iko chini, mguu mmoja nje, mwingine umegoma. Walinivuta watu wawili. Wanawake wa darsa wakacheka mpaka wakakaa chini, lakini wakaizunguka ile gari, wakaigusa, wakaniuliza kama kweli ni binti yangu aliyeitengeneza. Nikasema ndiyo. Nikajisikia mkubwa. Nilikuwa nimekwenda kusikiliza mawaidha, na mawazo yangu yote yalikuwa nje kwenye gari.

Tatizo likawa njia. Mbele ya geti letu njia ilikuwa na bonde, si refu, linafika kwenye goti. Gari nyingine zinapita bila shida, yetu inakwangua tumbo. Kila tukitoka tunasikia ile sauti ya chuma na jiwe, na mie nashika moyo. Siku moja sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagonga, oili ikaanza kudondoka. Binti yangu akaingia chini, akatoka na uso mweusi.

"Mama, naipandisha kidogo. Ni spana tu, mchana mmoja nimemaliza."

"Usiiguse," nikamwambia. "Ikipanda itakuwa gari kama gari nyingine."

Akanitazama. "Si wewe uliyetaka ipandishwe?"

"Nilikuwa sijui. Tutaipandisha njia."

"Na maji ya mvua yatapita wapi? Hilo bonde ndiyo njia yake."

"Maji yatajua yenyewe pa kupita."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Nikaagiza tipa la kifusi, vipande vya matofali na udongo mwekundu. Nikasimama pale na kanga kiunoni naelekeza vijana wa makoleo: hapa bado, pale pandisha, shindilia. Tukaliziba bonde likawa mgongo. Na unajua nani aliwaletea wale vijana maji ya baridi na mihogo ya kuchemsha? Shoga yangu. Akasimama na sinia, anasifia.

"Umetutoa kimasomaso, shoga. Sasa hata mie wateja wangu watafika mpaka mlangoni."

Nikala muhogo wake.

Gari ikapita kama iko kwenye lami. Wiki kadhaa nikawa natoka geti langu kwa raha. Mvua zikaja.

Ilianza baada ya swala ya alfajiri na haikunyamaza mpaka karibu adhuhuri. Nilikuwa barazani, nikayaona maji yanashuka kutoka kilimani, yanafuata ukuta wetu kama siku zote, yanafika palipokuwa na bonde, yanakuta mgongo. Yakasimama. Yakajaa. Kisha yakageuka, taratibu kabisa, kama mtu aliyeambiwa njia imefungwa, yakaelekea geti la shoga yangu. Niliyaona yanageuka. Nilisema yatapungua.

Tulipovuka baadaye, banda lilikuwa limejaa maji mpaka kiunoni mwa mtoto. Maranda yanaelea, bulbu ya kuwapa joto inaning'inia imezimika, na kuku wako juu ya maji, weupe, wamegandamana kwenye kona moja walikokuwa wamekimbilia. Walikuwa wamebakiza siku chache wauzwe. Wachache walionusurika walikuwa juu ya ndoo wanatetemeka. Shoga yangu amesimama katikati na gauni limelowa, ameshika kuku mmoja mkononi, hamtupi wala hamweki chini.

Nikamshika mkono. Kama ilivyo ada yetu, nikampa pole. "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, shoga yangu. Ni mtihani. Anampa amtakaye. Subiri, utalipwa." Nikainua mikono nikaomba dua, ndefu, na machozi yakanitoka ya kweli. Naye akaitikia, "Amin, amin," kila nilipopumua.

Niligeuka nikamwona binti yangu mlangoni mwa banda, ovaroli imelowa mpaka magotini. Alisubiri tufike nyumbani.

"Mama," akasema, taratibu, bila kunivunjia heshima, "Mwenyezi Mungu hakuagiza tipa."

Nilitaka kumkemea. Nikaenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, na nikiwa kwenye sijda lile neno likawa limekaa pale pale paji la uso linapogusa mswala. Jirani nimemdhuru, hilo ni kosa na kubwa. Lakini mie nilikuwa nimekwenda mbali zaidi. Nilichukua kifusi changu, majivuno yangu, nikamtwisha Mungu, tena mbele ya mtu anayemwamini, tena nikiwa nimeinua mikono kumwomba Yeye huyo huyo.

Siku zilizofuata nilijitetea sana. Nikasema labda hata bila kifusi maji yangeingia. Nikasema nitamwambia Ijumaa, Ijumaa ikafika nikasema ana wageni. Nikampelekea wali na maharage mara mbili, na kila aliponishukuru nilihisi kama mwizi anayeshukuriwa na aliyemwibia. Alhamisi darsani alinikalia ubavuni. Gari tulikuwa hatujapanda. Mie ndiye nilisema tutembee.

Mwisho nilikwenda asubuhi. Alikuwa uani anasugua vile vyombo vya kunyweshea kuku.

"Shoga, yale maji niliyaleta mie."

"Umeyaleta vipi? Umekuwa wingu?"

"Ni kifusi. Lile bonde ndilo lilikuwa linayapeleka maji kule makorongoni. Niliambiwa na mwanangu kabla, nikakataa. Nilitaka gari ipite."

Akatazama nje kupitia geti lake lililo wazi, akauona ule mgongo. Nadhani ndiyo kwanza aliuona kwa jicho hilo. Akaendelea kusugua kidogo, kisha mkono ukasimama.

"Siku ile ulipoomba dua. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulivyonishika mkono?"

"Nilikuwa najua, shoga."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Mie siku zote hizi silali," akasema. "Najiuliza nimemkosea nini Mungu. Nikakumbuka nilivyopandisha bei ya kuku Ramadhani. Nikasema ndiyo hiyo. Nikatubu. Nikafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya kuku ambao umewaua wewe."

Nikapiga magoti kwenye yale maji ya sabuni. Nikamwambia nitamrudishia vifaranga wote, na chakula chao, na banda tutalitengeneza.

"Lete," akasema. "Sitakataa, mie sio tajiri. Vifaranga lete. Dua baki nazo."

Siku hiyo hiyo nilichukua koleo. Sikuita vijana. Binti yangu alirudi kutoka gereji akanikuta nimeshafika katikati, akachukua sururu. Kifusi kikishashindiliwa hakitoki kirahisi, mwenzangu, kinakamata kama zege. Watu walipita wakauliza, "Mama, mbona mnabomoa barabara nzuri?" na mie kila aliyeuliza nikamweleza sababu, kwa sauti, ili na aliye nyuma ya lile geti asikie. Bonde likarudi. Ndipo binti yangu akaleta jeki na spana, akazungusha zile shokapu moja baada ya nyingine. Ilikuwa kweli kama alivyosema, mchana mmoja. Gari ikainuka vidole vitatu, ikapita bondeni bila kugusa. Nilikaa kwenye ngazi nikaitazama. Bado ilikuwa nzuri. Sikuona hata ilichopungukiwa.

Vifaranga nilimpelekea, wakakua, akawauza, ameleta wengine. Banda binti yangu alilinyanyua juu ya matofali. Mvua zimepita tena na maji yameshika njia yake. Ila shoga yangu hajarudi kuwa shoga yangu. Ananisalimia vizuri, nikimuuliza habari anasema salama. Darsani anakaa safu nyingine. Na pale mawaidha yanapofika kwenye haki za jirani, hanigeukii, na kule kutonigeukia nakusikia mgongoni kote. Nimemwomba msamaha mara nyingine, akasema ameshasamehe, nimwachie muda. Namwachia. Kila swala namtaja, kimya kimya, maana dua za kusikiwa na watu alishanikataza.

Basi nina ombi moja kwako. Habari hii usiikalie. Ukimjua mtu ambaye tipa lake liko njiani linakuja, mfikishie kabla halijamwaga, mwambie akasimame kwanza kwa jirani wa chini atazame. Na ukimjua mwingine ambaye kesho anakwenda kutoa pole kwenye msiba ambao mkono wake umo, huyo mfikishie leo.