Nyusi ya Baba

Nilienda Dar kufanyiwa upasuaji wa kunyanyua nyusi kwa sababu ya picha moja. Ilipigwa kwenye sendoff ya kumuaga mtoto wa dada yangu kabla ya kuolewa, na katika watu wote waliosimama nyuma ya keki, mimi peke yangu nilionekana nimekuja kuvunja sherehe. Nyusi zangu zilikuwa nzito, zimeyaelemea macho. Dukani kwangu Mabatini, ninakouza vitenge, wateja walikuwa wakiniuliza, "Dada, tumekukosea nini?" Na hapo nimefurahi kuwaona.

Mama, ninayeishi naye Igoma, alikataa. "Paji hilo la uso ni la baba yako," alisema. "Liache." Sikuliacha. Nina miaka arobaini na sita na kichwa kigumu, ambacho nacho ni cha Baba.

Bandeji zilipotolewa, upande wa kushoto ulikuwa umenyanyuka kama nilivyotaka. Wa kulia ulikuwa umelala. Kila nikijaribu kupandisha nyusi, kushoto kunapanda na mikunjo yake, kulia kumetulia kama ukuta uliopigwa plasta. Daktari alikuwa amenionya mapema kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Alisema mshipa wa fahamu haujakatika, umeshtuka tu, utaamka baada ya miezi kadhaa. Nikarudi nyumbani kusubiri.

Nilimwamkia Mama mlangoni. Akaitikia marahaba, akanitazama sana usoni. "Asiyesikia la mkuu," alisema, hakumalizia, akarudi jikoni kwenye ndizi zake.

Nilidhani ni hasira. Kumbe haikuwa hasira. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na fimbo yake ya kweli ilikuwa nyusi ya kulia. Ukimdanganya hasemi neno. Inapanda yenyewe, na juu yake mikunjo mitatu, inakaa huko mpaka useme ukweli. Hata Mama ilimpata. "Hebu nishushie hiyo nyusi," alikuwa akimwambia, kisha wanacheka wote wawili. Alipofariki, mwaka wa nne sasa, nyusi ile ilibaki kwangu. Ikinipanda mezani, Mama alikuwa anaacha kula, ananitazama. Sikuwahi kujiuliza anatazama nini. Nilipoelewa, niliona aibu mpaka siku hiyo nikashindwa kula naye.

Mimi nami nilimkumbuka Baba kuliko hata mwaka ule tuliomzika. Asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikimtafuta, simwoni. Niliipandisha nyusi kwa kidole. Nikiiachia, inashuka.

Ndipo Mama akaanza uongo. Mama huyu, Mlutheri wa Kagera ambaye hata umri wake hapunguzi!

"Leo wamevua sato mkubwa kama mlango," alisema, huku amelikodolea macho paji langu.

Kesho yake: "Mwenyekiti wa mtaa kaoa tena. Mzungu."

Siku nyingine: "Jana nimepanda lile Jiwe la Bismarck kule ziwani, mpaka juu."

"Kwa magoti hayo, Mama?" Nilicheka, kushoto kukapanda, kulia kimya.

"Bado," alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji aliacha uongo wake. Hakunitazama tena mezani, alikula ameinamia sahani. Nilitamani hata anigombeze.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, tulikaa uani tunachambua dagaa kwenye ungo. Alisema bila kuinua kichwa, "Usijisumbue tena na kioo, mwanangu. Mimi baba yako simkumbuki siku hizi. Nimeshazoea."

Niliendelea kumtazama tu, na juu ya jicho la kulia nikahisi mtekenyo, kama sisimizi anatembea. Nilinyoosha mkono nimpanguse. Hakukuwa na sisimizi.

Mama alikuwa ameinua kichwa. Kiganja chake chenye vumbi la dagaa kilikuja kikatua kwenye paji langu, kikakaa hapo, na machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Haya, nimedanganya," alisema. "Nishushie hiyo nyusi."

Ilikuwa imepanda kidogo tu, na ilikuwa inatetemeka. Niliishikilia huko juu kwa nguvu zangu zote mpaka Mama alipotosheka kumtazama Baba.