Kwenda Kisiwani kwa Barabara

Dagaa wakianikwa mchangani huwa na harufu mbili. Asubuhi wananuka ziwa lenyewe, ubichi na ukungu. Ifikapo alasiri, jua likishawakausha mpaka wanatoa sauti kama majani makavu, wananuka kama kitu kilichokaangwa, ingawa hakuna moto uliowagusa. Nimekulia kati ya harufu hizo mbili, Ujiji, katika nyumba ya matofali mabichi ambayo mlango wake wa nyuma ulitazama Ziwa Tanganyika. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, wale wanaovuliwa kwa karabai. Mama aliwaanika na kuwauza. Bosi wetu alikuwa mwezi. Siku za giza Baba hakuonekana mchana, alikuwa amelala. Mwezi ukikomaa na mwanga wake ukatanda juu ya maji, dagaa hawaijali tena taa, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo tuliziita mbalamwezi hata saa sita mchana. Harusi zilifungwa mbalamwezi, nyumba ziliezekwa mbalamwezi. Jambo lolote lililohitaji wanaume wenye nafasi lilingoja mwezi.

Bibi yangu mzaa baba hakuzaliwa Ujiji. Alizaliwa kusini ya mbali, kwenye kisiwa kidogo mbele ya Kipili, akabatizwa Veronika. Babu alimwoa akiwa msichana, akamleta Ujiji, akasilimu, akaitwa Zainabu. Mama yake alifariki huko kisiwani, na habari zilimfikia baada ya miezi miwili, zimeletwa na abiria wa meli pamoja na furushi la maharage. Kwa hiyo hakumzika mama yake. Kila alipokwenda kwenye msiba wa mtu mwingine aliomba kiganja cha udongo wa kaburi, na wanaume waliporudi kutoka makaburini na kumletea, alikirusha mara mbili, nusu kwa mkono wa kulia na nusu kwa mkono wa kushoto. Mama alininong'oneza siku moja kwamba ule wa kushoto ulikuwa wa mama yake Bibi. Kisha Babu naye akazama ziwani, dhoruba ilipowakuta, na Bibi akaapa kwamba hatalala tena juu ya maji. Meli za kwenda kusini, safari ya kulala njiani, zilipita mbele ya mlango wetu wa nyuma, na Bibi alizipa mgongo.

Mwaka nilioingia darasa la nne Bibi aliugua kifua. Alipopata nafuu alimwita Baba, akamwambia nikiwa nimekaa hapohapo nachambua mchele. "Ramadhani, mimi nitazikwa na watu. Mama yangu mimi sikumzika. Nikifika huko akiniuliza, nitamjibu nini?" Baba hakuwa msemaji. Alisema tu, "Nitakupeleka." Bibi akamkumbusha kiapo chake. Baba akasema, "Tutakwenda kwa barabara."

Mtu asiyeijua ramani hawezi kuelewa jinsi maneno hayo yalivyowachekesha majirani. Kisiwa kimo katika ziwa lilelile linaloosha ua wetu, na sisi tulikuwa tunapanga kulipa ziwa kisogo, twende Uvinza, tuvuke Malagarasi, tupite Mpanda, tukatize pori, tushuke tena kulekule majini. "Ramadhani," alisema jirani mmoja, "wewe unatoka nje, unazunguka nyumba nzima, ili uingie chumba cha pili!" Baba alicheka nao, kisha akaingia ndani akaendelea kupanga. Mwacha asili ni mtumwa, alisema Bibi, na anayeifuata huchekwa.

Sijawahi kuona kitu kikipangwa kama safari ile. Baba alichora njia kwa mkaa kwenye sakafu ya sebule, na kwa wiki nyingi tulikatazwa kufagia upande ule. Aliwauliza madereva wa malori kila daraja na kila kisima, akirudi anaongeza alama. Mdogo wake Mama, Mjomba Kassimu, alikuwa na pikapu ya kubebea chumvi kutoka Uvinza, akakubali kutupeleka kwa sharti kwamba siku ya sita awe amerudi kazini. Kwa kuwa ndugu wote wa Bibi walishahama kisiwani au kufa, hatukuwa na nyumba ya kufikia. Ndipo Baba akasema tutalala kwenye hema, siku mbili, kama watalii. Neno hilo lilinikosesha usingizi. Mimi, Tatu binti Ramadhani, mtalii!

Aliyetufundisha hema alikuwa Baba Nestori, Mrundi aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuhamia mtaani kwetu na kufungua banda la kushona viatu. Alikuja na turubai lake, akatuonyesha namna ya kuchagua miti, namna ya kuchimba mfereji mdogo kuzunguka ili maji ya mvua yasiingie, namna ya kufunga kamba isilegee. Baba alipomweleza kwamba tunakwenda kupumzika, alisimama na nyundo mkononi. "Yoo! Kumbe watu hulala chini ya turubai kwa hiari yao? Mimi nimelala humo miaka saba, na hakuna aliyeniambia kwamba niko likizo." Tulicheka sote, yeye kuliko sisi. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba kicheko kile kilikuwa na kitu ndani yake. Bibi aliingia, akakaa, akatazama juu, akatazama pembeni, akasema, "Na choo?" Baba Nestori akamjibu, "Bibi, hiyo ni hema ya pili."

Siku ilipangwa kwa mwezi, bila shaka. Baba angepata wapi nafasi nyingine? Mwezi ulipokomaa tulipakia unga wa muhogo, mawese, dagaa, turubai na miti yake, jembe dogo la kupalilia kaburi. Mama alibaki na mtoto mchanga. Mimi nilichukuliwa ili nimhudumie Bibi, naye akaniweka katikati yake na usukani, akisema, "Mke mwenzangu, ukitapika, tapika upande wa Mjomba wako."

Safari ilikuwa siku mbili. Sikujua kwamba nchi ni kubwa namna ile. Nilizaliwa mahali ambapo upande mmoja ni maji na ng'ambo ya maji kuna milima ya Kongo, na nilidhani dunia imefungwa hapo kama sanduku. Sasa niliona miti isiyokwisha, mabwawa ambamo viboko walilala wamegusana kama mawe, vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye masikio. Bibi hakulalamika. Alihesabu vijiji kwa vidole vyake, na kila Mjomba alipopunguza mwendo aliuliza, "Tumefika?" Siku ya pili mchana barabara ilianza kushuka, ikapinda, na miti ikafunguka. Chini kulikuwa na ziwa. Ziwa letu. Nilipiga kelele. Tulikuwa tumeliacha nyuma, tukasafiri siku mbili tukilipa kisogo, na hili hapa lilikuwa limetutangulia, bluu, halina mwisho upande wa kusini, na ndani yake visiwa vimekaa kama mbuzi waliolala. Niliogopa kidogo. Niliona kwamba kitu nilichokuwa nikiogea kila siku nyumbani, sikuwahi kukijua.

Bibi alinyoosha kidole. "Kile chenye mgongo." Tukateremka mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa.

Mitumbwi ilikuwepo, mingi, imevutwa juu mchangani na kupinduliwa. Watu hawakuwepo. Hakukuwa na kasia hata moja, kwa maana mvuvi akienda kupumzika huondoka na kasia lake nyumbani. Baba alitembea kutoka mtumbwi hadi mtumbwi akiinama kuchungulia chini. Mwishowe tulimwona mama mmoja akiloweka muhogo ukingoni. Baba akamsalimu, akamweleza tunatafuta watu wa kutuvusha na mizigo yetu. Yule mama alimtazama kama anayetazama mtu aliyevaa shati kinyume.

"Wanaume wamepanda milimani, mashambani. Wengine wana harusi. Si ni mbalamwezi?" Kisha akauliza kwa upole, "Kwani huko kwenu mwezi hauonekani?"

Baba alikaa chini mchangani. Alikuwa amepanga madaraja, visima, kamba, mfereji wa maji ya mvua. Yeye, mvuvi tangu utotoni, hakukumbuka kwamba mwezi uliompumzisha yeye ulikuwa umewapumzisha wote, kaskazini na kusini. Mipango si matumizi. Mjomba Kassimu alianza kucheka, Baba naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu. "Mimi mvuvi!" alisema. "Mimi mvuvi, shemeji!" Lakini alipomgeukia Bibi kicheko kilikatika. Wanaume wangerudi baada ya siku nne au tano. Pikapu ilitakiwa kuondoka keshokutwa. Bibi alikuwa amesimama ukingoni, viatu mkononi, maji yanamfika kwenye vifundo, anatazama mgongo wa kisiwa kile. Hakulia wala hakumlaumu mwanawe. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Yule mama, jina lake Mama Skola, aliosha mikono, akasema anao mtumbwi wake mdogo wa kubebea kuni. Unachukua yeye na watu wawili wepesi. Asubuhi ziwa likiwa limetulia anaweza kuvuka, mwendo wa karibu saa nzima kwa kasia. Baada ya hapo upepo wa kiangazi huamka na hatoki tena mpaka kesho yake. Baba alikuwa mtu mkubwa. Alitazama mtumbwi, akatazama mikono yake, akasema, "Tatu ataenda na Bibi yake."

Jioni ile Baba na Mjomba walisimamisha hema palepale bara, vizuri kabisa, na mfereji wake. Asubuhi tulivuka. Bibi alikaa chini kabisa, ameshika kingo mbili, anasoma dua, na katikati ya dua nilimsikia akitaja watakatifu wa utoto wake. Maji yalikuwa safi mno, nikaona mawe makubwa chini yetu na samaki wa rangi ya njano na ya bluu wakipita kati yake, na kivuli cha mtumbwi wetu kikitambaa juu yao. Nilihisi tunaruka. Kisiwa kilikuwa mawe makubwa kama nyumba yamebebana, na katikati yake nyasi. Bibi alitua, akapanda bila kuuliza njia, mwanamke ambaye nyumbani nilimshika mkono kwenda uani. Alipita mawe mawili, akakata kushoto, akasimama. Palikuwa na rundo la mawe madogo limezama nusu kwenye majani. Nilimpa jembe akalikataa. Aling'oa majani kwa mikono, kidogo kidogo, mpaka jua likapanda. Kisha akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili kwa pamoja, akauweka juu ya mawe, akasema kwa lugha nisiyoijua maneno machache, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa chakula. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Bibi alikuwa mtoto wa mtu.

Tulilala kisiwani bila hema, tumejifunika vitenge, na asubuhi Mama Skola, aliyelala nasi, akaturudisha. Baba alikuwa majini mpaka magotini akitusubiri. Pikapu ilishapakiwa. Alimbeba Bibi kutoka mtumbwini, kisha akaniuliza, "Kukoje?" Nilikuwa na njaa, nimeumwa na mbu, na nilikuwa na hasira kwamba utalii wangu umekwisha. Nikasema, "Mawe tu." Baba akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunga turubai.

Bibi alikufa mwaka uliofuata, na pale makaburini Ujiji Baba alimtupia udongo kwa mikono yote miwili. Baba mwenyewe hakwenda tena kusini. Mwaka jana, alipokuwa kitandani na sote tukijua, nilimwomba msamaha kwa yale maneno mawili, nikamsimulia kila kitu, samaki, mawe, majani, udongo. Ilichukua alasiri nzima. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, halafu akasema, "Mbona nilikuwa nawaona? Nilisimama pale mpaka upepo ukaamka. Nilimwona mama akiinama." Nilifurahi sana. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Siku hizi sehemu kubwa ya njia ile ina lami. Mwanangu alipiga simu Kipili, boti ya injini ikatusubiri, na tulilala kisiwani kwenye hema ya dukani inayojifungua yenyewe kama mwavuli. Hatukukosea kitu. Watoto walipiga picha samaki walewale. Mimi nilipita mawe mawili, nikakata kushoto, nikakaa pale kwenye rundo, nikatazama bara. Ilikuwa asubuhi, hewa safi, hakuna ukungu. Mitumbwi ya mwaloni ilionekana kama mbegu za ufuta zilizomwagika. Nyumba sikuweza kuzitenganisha. Mtu haonekani. Nilitazama kwa muda mrefu, nikamwita mwanangu mwenye macho mazuri, naye akasema hapana, mama, kutoka huku mtu haonekani.

Alipokwisha kurudi kwa wenzake, niliinama, nikachota udongo kwa mikono yote miwili, taratibu, nikageukia bara ili anayetazama aone vizuri.