Baba Anaongea

Leo hospitalini Mbarara nimeshinda ubishi, na natamani ningeshindwa.

Tangu Baba apate kiharusi, maneno yamemuisha. Nesi akaandika kwenye faili: "Mgonjwa haongei."

Nikapinga. "Dada, anaongea! Akikubali anasema 'ee'. Akikataa anasema 'aa-a'."

"Hizo ni sauti tu. Si maneno."

"Kwetu Nakivale kila mutu anajibu hivyo, na anaeleweka!"

Nesi akamuinamia. "Mzee, unasikia mimi?"

"Ee."

Jamani, nilivyojivuna!

Halafu nesi akaninyooshea kidole. "Huyu ni mtoto yako?"

Baba akanitazama sana, kwa upole, vile anavyotazamaga wageni.

"Aa-a."

Nesi akalikata lile "haongei".

Marafiki, niambieni na ninyi kwamba ni sauti tu. Tafadhali.