Tutaangalia Meno Kwanza

Wateja wa saiba yetu ya intaneti, Kitengela, walichoka kuandika neno la siri kila saa. Mimi, fundi wa seva ya barua pepe, nikaipanga isimtoe mtu kwenye akaunti yake hata akienda nyumbani.

Juzi nilikaa kwenye kompyuta ambayo mteja alikuwa ameiacha, nikitafuta jibu la ombi langu la kazi ya ranchi. Nikasoma barua mpya iliyokuwa juu: "Tumekubali. Kesho saa mbili, Kisaju. Tutaangalia meno kwanza."

Nilipiga mswaki mara tatu, nikavaa tai.

Kisaju nilikuta mnada wa ng'ombe. Mteja wangu Mzee Abdi alikuwa ameshika kamba ya ndume, mnunuzi akimpanua ndume mdomo.

"Fundi, umeitwa na nani?"

"Nimeletewa barua... ya meno."

Nilingoja matusi. Mzee akacheka mpaka kamba ikamponyoka.

"Alhamdulillahi! Kumbe ni wewe ulifungua barua yangu! Na mimi tangu jana, nilipoikuta imeshasomwa, nashuku bibi yangu."