Beji ya Mionzi Ukweni

Miaka ile hospitali za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa Mwanza, nilipata kazi ya kupiga picha za eksirei. Kifuani nilivaa beji ndogo ya plastiki, ya kupima mionzi iliyonipata kazini. Nilipokwenda Magu kujitambulisha ukweni, nilisahau kuivua. Wazee wakadhani ni cheo, wakanipa kiti kizuri. Nami kwa kiherehere changu nikawaeleza kazi yake.

Vicheko vikakatika. Kwa heshima ya ukweni, mama mkwe hasemezani na mkwe wake, kwa hiyo swali lake lililetwa na shangazi: "Hiyo mionzi si ndiyo inamaliza uzazi?" Nikajieleza kuhusu aproni nzito na ukuta tunaojificha nyuma yake. Hawakuamini hata kidogo, ila binti yao alikuwa ameshaamua.

Mwaka uliofuata tukapata mapacha. Mama mkwe alikuja kwetu Mkolani na kuku wawili, akawapakata wajukuu, akacheka mpaka kitenge kikamlegea kiunoni. Kisha akanigeukia mimi mwenyewe, bila shangazi.

"Baba, kaka wa mkeo ameoa siku nyingi na hana mtoto. Huko kwenye mionzi hawahitaji mtu?"