Maneno Ambayo Shangazi Hakuyasema

Mwanangu Zuhura, iko Ijumaa moja ya Deira, hapa Dubai, ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Ilinirudia jana, nilipoitazama filamu ya bibi yako uliyonitumia niione kabla hujaipeleka chuo kikuu. Nimeitazama mara tatu. Kuna jambo ndani yake na nitalifikia, lakini kwanza nisikilize. Sisi wazee tuna haki ya kuzunguka kidogo.

Wakati ule nilikuwa kijana wa umri wako, napakia mizigo kwa wakala mmoja wa Deira. Juu ya bohari kulikuwa na chumba ambamo mwalimu mmoja wa Mombasa, mtu wa magazeti, alitufundisha bure kila Ijumaa. Alitaka vijana wa jamii zetu ndogo za asili, zile ambazo siku zote habari zao huandikwa na wengine, tuingie chuo kikuu kusomea utangazaji tujisemee wenyewe. Tulikuwa wanne: mimi Mwaweer wa Lamu, Mwogiek mmoja, Mmasai aliyekuwa mlinzi wa hoteli, na msichana wa Kibatwa kutoka Uganda aliyelea watoto wa watu. Kila mmoja alitakiwa kutengeneza filamu fupi ya mtu wa kwao, na filamu hiyo ndiyo ingempa nafasi chuoni au kumnyima.

Mtu wa kwetu nilikuwa naye mmoja tu Dubai nzima: Shangazi Halima, dada yake baba, aliyekuwa mpishi wa madam mmoja. Nilimrekodi kwenye roshani ya nyumba tuliyopanga watu sita, mtaa wa Al Muraqqabat. Alizungumza Kiaweer saa nzima bila kupumzika. Unajua alisema nini? Alitaja mizinga ya nyuki. Mzinga wa babu yake ulitundikwa mti gani, uliofuata ulikuwa wa nani, baina yao kuna kisima gani, kaburi la nani liko wapi. Aliutaja msitu mzima kama ulivyokuwa kabla watu wetu hawajatolewa na kupangwa kando ya barabara.

"Weka yote," akaniambia. "Pale ni kwetu."

Mimi nikaona orodha ile itawachosha waamuzi wa chuo. Nani atakaa kusikiliza majina ya miti? Nikachukua dakika nne ambazo macho yake yalikuwa yamelowa, na chini yake nikaandika Kiingereza nilichokitunga mwenyewe: tuna njaa, watoto wetu hawana nguo, tunawaomba mtuokoe. Kiaweer nani anakijua? Ndivyo nilivyojiambia. Kanda yenyewe wala sikuitunza. Rafiki yangu alioa mwezi ule, nikarekodi harusi yake juu ya kanda ileile.

Nafasi nikaipata. Mwalimu akafurahi, akatuandalia maonyesho palepale juu ya bohari, na hiyo ndiyo Ijumaa ninayokwambia. Shangazi akaja na buibui jipya, manukato yake yamejaa ngazi nzima. Madam alimpa ruhusa ya saa tatu tu. Kiingereza hakukijua, basi yule msichana wa Kibatwa akaketi karibu naye, akawa anamtafsiria kwa Kiswahili. Maskini, alikuwa na nia njema.

"Hapa unasema mna njaa, mama. Hapa unaomba wawaokoe."

Shangazi akamgeukia. "Nani anaomba?"

"Wewe, mama. Si imeandikwa?"

Watu wakapiga makofi. Yeye akangoja mpaka watu wakapungua chumbani, ndipo akaniita. Hakupandisha sauti.

"Mimi nawapikia watu miaka kumi na moja ili nisiombe," akasema. "Nenda kamwambie mwalimu wako kwamba maneno yale si yangu."

"Shangazi, khalas, yamekwisha, nafasi imeshapatikana. Nikisema sasa wataniondoa."

"Basi wakuondoe."

Sikwenda kwa mwalimu. Nilikwenda chuoni, nikasoma mwaka mmoja. Kila tulipofundishwa namna ya kunukuu maneno ya mtu, nilimsikia Shangazi akisema maneno yale si yake. Nikaacha masomo, nikarudi huku Dubai. Shangazi alinipokea, akanipikia, akaniuliza afya yangu, lakini aliniuliza kwa Kiswahili. Tangu Ijumaa ile hakunisemesha Kiaweer tena, hata neno moja, na katika mji huu hakukuwa na mwingine wa kunisemesha. Nilikuwa namwamkia kwa lugha yetu, ananijibu "Marahaba," kama anavyomjibu kijana yeyote wa mjini. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikazoea, na kuzoea huko ndiko kunakoniuma zaidi.

Alipofariki, wazee wa nyumbani wakanipigia simu. Walikuja watu wa kuandika mipaka ya msitu, wanataka kujua mahali petu pa zamani.

"Tumesikia Halima alikutajia yote ukamrekodi," mmoja akasema. "Tuletee, mwanetu."

Nilikuwa na dakika nne za mwanamke anayeomba chakula ambacho hakukiomba, na harusi ya mtu. Hata ndoa yenyewe ilikuwa imeshavunjika.

Sasa nimefika kwako, Mwaweer mwenzangu hapa mjini. Unaponipita ukiwapelekea watu vikombe vyako vya kahawa hapa Jumeirah Lake Towers, unaniona nimeketi mbele ya skrini za kamera za ulinzi. Huo ndio utangazaji niliobakiwa nao. Katika filamu yako, bibi yako anaeleza alivyomjibu askari aliyemkataza kuingia msituni. Anacheka, na anamtukana kidogo. Lakini maandishi uliyoweka chini yanasema, "Ninaogopa, sina pa kwenda." Bibi yako hakusema hivyo, mwanangu. Kiaweer changu kimechakaa, lakini matusi bado nayaelewa.

Nakuusia, usiipeleke filamu chuoni Jumapili kabla hujampigia bibi yako. Msomee kila mstari kwa lugha yake. Akikwambia sivyo, futa, hata kama hapo ndipo watu watakapolia. Zile kanda ndefu zinazochosha ziweke mahali pawili, na nakala moja umpelekee mwenyewe. Wakikunyima nafasi kwa sababu bibi yako hakulia, njoo Ijumaa tuanze upya, tupeleke nyingine mwakani. Chuo kitakufundisha kukata filamu. Bibi yako hawamjui, kwa hiyo heshima yake ni juu yako.

Mungu akufungulie mlango wa chuo, na wa nyumbani asiufunge nyuma yako. Akupe subira ya kusikiliza orodha ndefu. Amrefushie bibi yako maisha, aendelee kuwatukana hao askari. Amina.

Dua hii nilitaka kukuombea kwa lugha yetu. Nimekaa nayo tangu asubuhi, na maneno mawili yamekataa kunijia. Ukimpigia bibi yako, muulize dua hii husemwaje kwa Kiaweer, uje uniambie.