Mawe ya Kisima cha Mpagazi

Husemwa majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi, na leo nasema, maana waliofanya yale wengi wamekwisha kutangulia na sina tena wa kumgombeza.

Bibi yangu mzaa mama alikaa pembezoni mwa mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mbele ya nyumba yake palikuwa na kisima alichokichimba baba yake. Mzee huyo alikuwa mpagazi, akabeba pembe mpaka pwani, na njiani aliona wenzake wakianguka kwa kiu, mizigo ingali mabegani. Huko pwani akasilimu. Aliporudi alisema hatabeba tena kitu cha mtu. Akachimba kisima, akakijengea mdomo kwa mawe aliyoyakokota kutoka milimani, akatangaza kuwa maji yale ni sadaka: mpita njia anywe kwanza, mwenye mji achote baadaye. Bibi aliamini kwamba kila mtu akinywa pale, baba yake anaandikiwa thawabu huko kaburini. Ndiyo maana alikilinda kisima kile kwa ukali.

Kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini, mtaa mzima ulikuja kufukua. Vijana waliteremka kwa kamba, tope likapandishwa kwa madebe, sisi wanawake tukapika wali. Mzee akishasomewa fatiha, Waislamu na Wakristo tulikula sinia moja. Bibi alisimama ukingoni akifoka, "Wewe, unafukua au unabembeleza?" Watu walicheka, lakini walifukua.

Kisha serikali ya Mwingereza ikaleta bomba. Jumbe alitutangazia kwamba maji yatatoka bwawani, yatapita chini ya ardhi mpaka mtaani kwetu, ila wenyeji tujenge kijukwaa cha mawe cha kuwekea madebe, pasiwe na matope. Loo, tulivyofurahi! Nilikuwa mke wa mtu, mtoto mgongoni, viganja vimeota sugu kwa kamba ya kisima. Nani hakutaka kufungua koki tu, maji yakaja?

Sasa, mawe. Milima ilikuwa mbali, na jua la Tabora mnalijua. Bibi alikuwa amepanda treni kwenda Kaliua kumuuguza mdogo wake. Wanaume wakakaa kikao, mume wangu akiwa mmoja wao, wakaona kisima kina mawe mazuri, na bomba likija nani atakwenda tena kisimani? Wakayang'oa. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Methali ya mbachao na msala upitao kila mmoja wao aliijua, watoto wetu walihubiriwa mpaka wakachoka. Siku hiyo iliwatoka wote.

Bibi aliporudi alipiga ukelele mtaa mzima ukatoka.

"Mmemvunjia baba nyumba!"

"Bibi, tulia," mume wangu alimwambia. "Tumechukua mawe tu. Maji yako yapo palepale."

"Mjinga wewe! Na udongo utashikwa na nini?"

Alitaka yarudishwe siku ileile. Lakini jukwaa lilikuwa limekwisha kutiwa saruji, kwa hiyo mume wangu akamwahidi kwamba wataleta mawe mengine baada ya mvua. Ati baada ya mvua!

Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzito. Mdomo wa kisima ulimomonyoka, udongo ukaporomoka ndani, na asubuhi moja tukakuta kimebaki kidimbwi cha kurukwa na mbuzi. Hatukulia. Bomba lilikuwa linamwaga maji safi, tunafua, tunaoga, tunacheka. Bibi peke yake hakucheka. Kila asubuhi alijaza mtungi wake pale bombani, akauweka kando ya njia na kata juu yake, akawanywesha wapita njia ili sadaka ya baba yake isikatike. Mtu akinywa, bibi alinong'ona jina la mzee.

Kiangazi kilichofuata bwawa lilishuka. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Tuliketi juu ya jukwaa na madebe yetu matupu tangu alfajiri. Bibi akaja na mtungi wake, akaketi nasi, akawa anapitisha kidole katika mifuo ambayo kamba ilichimba kwenye jiwe miaka yote ile. Hakutusema. Laiti angetusema!

Akatokea mtu na mzigo wa asali kichwani, midomo imempasuka.

"Mwangaluka, mama zangu. Naombeni maji ya kunywa."

Tukatazamana. Hapakuwa na tone. Bibi aliinuka, akainamisha mtungi juu ya kata, akangoja, akaurudisha chini.

"Nenda stesheni, mwanangu," alimwambia. "Huenda watu wa reli wanayo."

"Haya, bibi. Asante."

Alimtazama mpaka akapotea, kisha akaketi tena juu ya jiwe la baba yake, akalia. Mume wangu alichuchumaa mbele yake.

"Tusamehe, bibi. Tutachimba kingine."

"Chimbeni," alisema. "Lakini leo mtu ameondoka kwa baba yangu na kiu."